Nani Kamwangusha Nani?

Jumapili moja nilikuwa Cheyo, mjini Tabora, nyumbani kwa dada yangu. Mpwa wangu, ambaye yumo Kidato cha Kwanza, alinijia na daftari lake la Kiingereza. Chini ya zoezi mwalimu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu neno "disappointed".

"Mjomba," akaniuliza, "kamusi inasema ni kuvunjwa moyo. Nimemvunja nani moyo?"

Mtoto huyu alisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili. Leo karibu masomo yake yote ni kwa Kiingereza.

Nilimweleza kuwa Waingereza walilitoa neno hilo kwa Wafaransa, na kwamba hapo kale lilimaanisha kumwondoa mtu katika cheo alichopewa. Baadaye likawa na maana ya kutotimiza yale ambayo mwenzio aliyatarajia kwako. Sisi husema, "Umeniangusha."

Nikampa mfano wa njia ya misafara iliyopita hapa Tabora. Mwezi wa Oktoba, 1871, Daktari Livingstone alifika Ujiji akiwa hoi, akitumaini kukuta bidhaa alizoletewa kutoka pwani. Akakuta Sherif, aliyekabidhiwa bidhaa hizo, amekwisha kuziuza zote. Huko ndiko kuangushwa, kwani amana ilikuwapo, na aliyeipokea pia.

Mwaka uliofuata, Livingstone huyo huyo alikaa Kwihara, jirani na Tabora, tangu Machi hadi Agosti, akiwangoja watu ambao Stanley aliahidi kumletea. Stanley aliwapa watu hao mahitaji ya safari, ndipo akawatuma. Nao walifika. Hawakumwangusha.

Mtoto akanyamaza kidogo. "Mimi niliahidi nini, mjomba? Na nilipewa nini cha safari?"

Nilikosa jibu. Ndugu mzazi, maswali hayo ni yetu sote. Mara ngapi tumemwambia mtoto ametuangusha, hali hatujapata kufungua daftari lake hata siku moja? Tukilitamka neno hilo ovyo, twamwondoa mtoto katika nafasi yake nyumbani, naye hajui kosa lake.

Jioni ile dada yangu alizima redio. Tuliketi watatu mezani, tukalirudia zoezi lile sentensi kwa sentensi. Makosa yalikuwa kumi na mawili. Hadi tunakwenda kulala, yalikuwa yamebaki matatu.