Nakataa Kuwa Nyasi

Tarehe 28 Februari 2008 shangazi yangu alikuwa kwenye hema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, yeye na watoto watatu na sufuria moja. Nyumba yao ya Burnt Forest ilikuwa imechomwa mwanzoni mwa Januari. Mtu mmoja pale kambini alikuwa na redio ya betri, na watu wakaizunguka. Redio ikatangaza kwamba Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga wametia saini mkataba mbele ya Harambee House, Kofi Annan akishuhudia. Shangazi akapiga vigelegele. Amenisimulia mwenyewe: alipiga vigelegele mpaka koo likakauka, kisha akaingia hemani akaanza kufunga vitu vyake. Aliamini kwamba wiki ile ile angekuwa kwake.

Hajarudi mpaka leo. Amepanga chumba kimoja Nakuru, na wale watoto watatu ni watu wazima.

Imani iliyomfungisha shangazi mizigo siku ile ndiyo ninayoipinga hapa: kwamba vinara wawili wanaohasimiana wakipeana mikono, nchi imepona. Wakenya tumeishika kama amri. Kila nchi inapochemka, maaskofu na masheikh, mabalozi, wahariri na wanywaji chai vibandani huimba wimbo mmoja: wakae chini, wazungumze, waelewane. Wakielewana tunashusha pumzi, tunafungua maduka, na anayeuliza walichoelewana ni nini anaambiwa hapendi amani. Handisheki imekuwa dawa ya kila ugonjwa, na hatujawahi kudai kumwona mgonjwa aliyepona.

Wanaoitetea wana methali yao: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Methali hii ni ya kweli na ina uchungu, lakini tumeigeuza matumizi. Ilikuwa lawama juu ya fahali, sisi tumeifanya somo la kutuonyesha nafasi yetu. Aliyekubali kuwa nyasi hana la kudai ila fahali watulie. Nyasi haina shamba lililonyakuliwa. Nyasi haina mtoto aliyepigwa risasi, haina kura, haiwezi kumshtaki fahali. Mimi nakataa kuwa nyasi. Shangazi yangu si nyasi. Ana jina, ana kitambulisho, na alikuwa na ekari mbili na ng'ombe wanne.

Sitaki kuidharau siku ya Februari 2008. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na mamia ya maelfu walitimuliwa makwao. Mauaji yale yalipaswa kukomeshwa, na mkataba ulisaidia kuyakomesha. Asiyelitambua hilo hakuwako, au hakupoteza mtu. Lakini tukumbuke vizuri kilichosaidia. Chini ya saini zile palikuwa na ajenda nne zilizoandikwa. Ya kwanza ilikuwa kusitisha vurugu, ya pili kuwafikia waathiriwa kwa misaada, ya tatu mzozo wa kugawana madaraka. Ya nne ndiyo iliyokuwa nzito: ardhi, umaskini, ukosefu wa kazi kwa vijana, ukabila, mahakama zisizoaminika, katiba. Katika hiyo ajenda ya nne tukapata Katiba ya 2010, na hatukuipata kwa sababu wazee wawili walitabasamu. Tuliipata kwa sababu watu waliidai kwa miaka ishirini, wengine wakafungwa na wengine wakafa, na mnamo 4 Agosti 2010 wananchi wenyewe wakapanga foleni na theluthi mbili yao wakasema ndiyo.

Kile ambacho vinara waliweza kukikamilisha haraka ni kugawana. Tuliiita serikali ya nusu mkate, na jina lilifaa: mawaziri 40, kila mmoja na gari, walinzi na afisi. Ila kila jambo ambalo lingewataka wakubwa wapoteze kitu lilikwama. Waki alipendekeza mahakama maalum ya kuwahukumu waliopanga mauaji, na Februari 2009 Bunge likaukataa mswada wake. Kesi zikaenda The Hague na huko zikavunjika, ya mwisho Aprili 2016. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake Mei 2013, mabuku mazito yenye ushahidi wa watu waliopanda majukwaani wakalia mbele ya majirani zao, na Bunge halijaitekeleza. Kwa waliofukuzwa kulikuwa na Operesheni Rudi Nyumbani: shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujengea nyumba. Shangazi alipata zile 10,000. Kufuata 25,000 alikwenda kwenye afisi moja mara saba. Mara ya saba aliambiwa kwamba jina lake halimo.

Nalikumbuka hilo jambo la jina kwa sababu pale kambini maisha yote yalikuwa kusomewa majina. Unga ukija, majina yanasomwa. Blanketi zikija, majina yanasomwa. Shangazi alijifunza kuyapima maneno ya serikali kwa kipimo hicho: wakisoma majina, jambo ni la kweli, wasiposoma, ni hotuba.

Kwa kipimo hicho, tazama 9 Machi 2018. Uchaguzi wa Agosti 2017 ulikuwa umefutwa na Mahakama ya Juu, wa Oktoba ukasusiwa na upinzani, na Januari 30 Raila akajiapisha Uhuru Park kuwa rais wa wananchi. Katikati ya hayo polisi waliua watu katika mitaa ya Nairobi na Kisumu. Huko Kisumu mtoto wa miezi sita alikufa kwa kipigo cha polisi walioingia nyumbani kwao usiku. Kisha, bila wabunge wengi wa pande zote mbili kujua, Rais Uhuru Kenyatta na Raila wakatokea kwenye ngazi za Harambee House wakashikana mikono na kuitana ndugu. Nchi ikapoa. Biashara zikarudi, sikatai. Lakini jina la yule mtoto halikusomwa, wala la mwingine yeyote.

Kilichofuata kinaonyesha handisheki hufanya kazi gani hasa. Mwezi Septemba mwaka huo serikali ilipotaka kutoza mafuta ushuru wa VAT wa asilimia 8, kinara wa upinzani aliwataka wabunge wake wakubali. Kodi ya mafuta ni kodi ya matatu, ya unga, ya nyanya za mama mboga, na siku iliyohitaji mtu wa kusimama na kusema hapana ilipofika, aliyechaguliwa kusema hapana alikuwa upande wa pili wa meza. Upinzani si ukorofi. Ni kazi inayolipwa kwa kodi zetu: kuuliza pesa zilikwenda wapi, mkopo ulisainiwa na nani, mtu aliyekamatwa yuko wapi. Vinara wanaposhikana mikono, kazi hiyo hukosa mwenyewe, na sisi tunashangilia pengo hilo tukiliita utulivu.

Halafu ukaja Mpango wa Maridhiano wa Uhuru na Raila, BBI. Maridhiano yale yalitaka maeneobunge mapya 70 na kiti cha Waziri Mkuu. Kwa jina la wafu wa 2017 tuliandikiwa viti vya walio hai. Majaji watano wa Mahakama Kuu waliusimamisha mpango huo Mei 2021, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya katiba kwa njia iliyowekewa wananchi. Nawashukuru waliokwenda kortini. Walitukanwa kuwa maadui wa umoja, na ndio waliokuwa wakiilinda karatasi tuliyoipigia kura.

Juni 2024 walikuja watu ambao hawakuomba fahali yeyote awasemee. Vijana waliopinga Mswada wa Fedha walisema hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi, na wanasiasa waliojaribu kujipenyeza kwenye maandamano waliambiwa warudi kwao. Mnamo 25 Juni waliingia Bungeni, na wengine waliuawa kwa risasi nje ya lango lake. Rais William Ruto akaukataa mswada, akavunja baraza la mawaziri. Ndani ya mwezi mmoja baadhi ya nafasi zile zikajazwa na vigogo wa ODM, chama cha Raila: John Mbadi Hazina ya Taifa, Opiyo Wandayi Kawi, Hassan Joho Madini, Wycliffe Oparanya Ushirika. Vijana walikufa wakisema hawawakilishwi na mtu, na damu yao ikanunua viti vya watu ambao hawakuwatuma. Serikali hiyo iliitwa jumuishi. Juni na Julai 2025, ikiwa madarakani na mkataba wake umetiwa saini, vijana waliuawa tena barabarani kwa makumi. Anayesema handisheki huleta amani anieleze miezi hiyo miwili.

Wandayi alikuwa mbunge wa Ugunja na kiongozi wa wachache katika Bunge la Taifa, yaani mtu aliyekabidhiwa kuikosoa serikali akawa waziri wake. Na watu wa Ugunja? Hawakuwa na mbunge mpaka 27 Novemba 2025, kwa sababu tume ya uchaguzi haikuwa na makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025. Uteuzi wa makamishna ulikwama katikati ya mivutano na mazungumzo ya mirengo ile ile miwili, kisha ukakwama kortini. Kule Banissa, Mandera, mbunge alifariki Machi 2023 na wananchi wakakaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila wa kuwasemea, ilhali sheria inataka kiti kisikae wazi hivyo. Sikusikia askofu wala balozi akiililia Banissa. Wakubwa walikuwa wameelewana, kwa hiyo nchi ilihesabiwa imetulia.

Wapo watakaoniambia nitazame Zanzibar, kwamba wao waliyafanya maridhiano vizuri. Ni kweli walijitahidi kutupita. Rais Karume na Maalim Seif wa upinzani walikutana Novemba 2009, na badala ya kumaliza mambo baina yao wakayapeleka kwa wananchi. Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, theluthi mbili wakakubali, na serikali ya umoja ikaingia ndani ya katiba. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini mnamo 28 Oktoba 2015 mwenyekiti wa tume ya uchaguzi akaufuta uchaguzi mzima, na uliporudiwa Machi 2016 upinzani ukasusia. Umoja ulioandikwa kwenye katiba ukabaki bila mshirika. Ikiwa hata maridhiano yaliyopigiwa kura huanguka pale anayehesabu kura anapoweza kuzifuta, haya yetu ya kwenye ngazi za jengo yanasimama juu ya nini?

Raila alipofariki Oktoba 2025, nililia kama wengi. Alikaa kizuizini miaka mingi enzi za Moi ili mimi niweze kuandika haya. Lakini katika siku za maombolezo nilisikia swali moja matangani, kwenye matatu, hata msikitini: sasa nani atapeana mkono na nani? Lilinitia hofu kuliko swali lolote la siasa nililowahi kulisikia. Tuna mahakama, tuna mabunge mawili, tuna kaunti 47, na bado watu wazima wanaamini kwamba usalama wao ulikuwa kwenye kiganja cha mzee mmoja.

Watu huniuliza, basi unataka tupigane? Wanaouliza hivyo hudhani yako mambo mawili tu, kupigana au kugawana. Nataka aliyeshindwa akae nje ya serikali na afanye kazi ya aliyeshindwa, na aliyeshinda amvumilie. Nataka polisi aliyefyatua risasi asimame mbele ya hakimu hata kama bosi wake ameshakunywa chai na kinara wangu. Wanaotaka kuzungumza wazungumze, lakini fidia itangulie vyeo, waziri mpya asiape kabla ya mama wa marehemu kupokelewa. Hayo hayahitaji watu wema. Yanahitaji sisi tuache kupiga vigelegele mapema.

Machi 2025, Ruto na Raila walipotia saini mkataba wao wa vipengele kumi pale KICC, nilimpigia shangazi simu. Alikuwa ameiona habari kwenye simu ya mwanawe. Nikamweleza kwamba safari hii mna kipengele cha kuwafidia waliouawa na kuumizwa kwenye maandamano.

"Na sisi wa mahema?" akauliza.

Nikamwambia sikuwaona.

Akanyamaza kidogo. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtoto akimwita bibi.

"Hao wa maandamano," akasema, "wamesomewa majina?"

"Hapana, shangazi."

"Basi waambie wasifunge vitu."