Jirani Anapofua Bomu

Juma lililopita mwanafunzi mmoja wa hapa Nizi alitujia baada ya Misa akiwa na swali. Alikuwa amesikia katika redio kwamba ziko serikali zinazotafuta bomu la atomiki, na papo hapo zinawatia gerezani raia wao wanaozipinga. Akatuuliza: “Nchi isiyo na bomu ifanye nini mbele ya adui wa namna hiyo? Inyamaze, au itafute bomu lake?” Tumeona vema kulijibu mbele yenu wote, maana Afrika imekwisha kulijibu kwa matendo.

Kwanza tukumbuke jambo linalotuhusu sisi Wakongo. Uraniamu nyingi iliyotumika kutengeneza bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga. Wachimbaji hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini. Sisi tunaoishi katika nchi ya dhahabu ya Kilo twaelewa vizuri jambo hilo: mikono yachimba, lakini macho hayaoni mwisho wa safari. Wala nguvu ya atomiki yenyewe si dhambi. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium, kilichoongozwa na Monsinyori Luc Gillon, uliwashwa mtambo wa kwanza wa atomiki katika Afrika, nao ulikuwa wa elimu na uchunguzi. Ubaya watoka katika nia ya mtu.

Basi tutazame Afrika ya Kusini. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliwanyima watu weusi kura, ardhi na heshima. Tangu mwaka 1957 Maaskofu Wakatoliki wa nchi ile walitangaza kwamba ubaguzi huo ni mbaya katika asili yake. Serikali haikusikia. Ikajenga mitambo ya atomiki Pelindaba, karibu na Pretoria, na mwaka 1977 ikagunduliwa kwamba imechimba mashimo ya kujaribia bomu katika jangwa la Kalahari. Baadaye ikatengeneza mabomu sita kwa siri.

Majirani walifanya nini? Watu husema dawa ya moto ni moto. Lakini aishiye katika nyumba ya majani ajua kwamba dawa ya moto ni maji. Mwezi wa Julai 1964, viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Kairo wakatangaza kwamba bara letu lisiwe na silaha za atomiki. Hawakusema, “Wao wakiwa nazo, nasi tuwe nazo.” Walishika neno hilo hata baada ya kujua yaliyokuwa yakitendeka kusini.

Pili, walifanya bidii kumfungia adui mlango. Tarehe 4 Novemba 1977, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliyakataza mataifa yote kuiuzia Afrika ya Kusini silaha.

Tatu, na hili ndilo lililokuwa zito kuliko yote, waliwapokea wana wa nchi ile ile waliokuwa wakiteswa na serikali yao. Tanzania, iliyokuwa maskini, iliwapa ardhi Mazimbu, karibu na Morogoro. Pakajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Watoto wa wakimbizi walisoma hapo wakingoja siku ya kurudi kwao. Majirani walitambua kwamba serikali ni kitu kimoja, na watu wake ni kitu kingine. Hata miongoni mwa Wazungu wa kule walikuwako watu wenye dhamiri. Mmoja, Renfrew Christie, mtu wa elimu, alifungwa mwaka 1980 kwa sababu aliwapa wapigania uhuru habari za mipango ya atomiki.

Ukarimu huo ulikuwa na gharama. Mwezi wa Desemba 1982 askari wa Afrika ya Kusini waliingia Maseru usiku wakaua watu 42, na 12 kati yao walikuwa raia wa Lesotho, wenyeji waliokuwa wamewapa wakimbizi makao. Mwaka 1988, Khanya House, nyumba ya Baraza la Maaskofu Wakatoliki mjini Pretoria, ilichomwa moto. Tusidanganyane pia: si kila aliyekimbia dhuluma alikuwa mwema. Katika makambi mengine ya wapigania uhuru, hasa kule Angola, watu waliteswa na wenzao. Kumpokea anayeonewa si kufumba macho asipotenda haki.

Mwisho wake ulikuwa nini? Rais F. W. de Klerk aliamuru mabomu yabomolewe, na mwaka 1991 nchi yake ikaingia katika mapatano ya kuzuia kuenea kwa silaha hizo. Tarehe 24 Machi 1993 alilieleza bunge siri yote. Hatusemi kwamba majirani peke yao ndio waliomshinda. Vita vya Angola vilikuwa vimepungua, Namibia ilikuwa imepata uhuru, na pengine serikali ile haikupenda kuwaachia watu weusi silaha hizo. Lakini jambo moja ni hakika: siku mlango ulipofunguliwa, walikuwako watu waliolindwa, waliosomeshwa, waliokuwa tayari kujenga nchi mpya. Mwaka 1996 mataifa ya Afrika yalitia sahihi mapatano ya kuliweka bara zima bila silaha za atomiki, yakayaita Mapatano ya Pelindaba. Jina hilo maana yake ni “maneno yamekwisha”.

Tumrudie mwanafunzi wetu. Hapa Ituri hatuna bomu la atomiki, lakini twajua panga na bunduki, na twajua kukimbia usiku. Kila mara vita vinapowaka twasikia maneno haya: kabila lile lote ni adui. Hapo ndipo jibu la Mazimbu linapotuhusu. Kati ya watu wa yule tunayemwogopa, wako wanaokataa uovu wake, nao mara nyingi ndio wa kwanza kuteswa naye. Akija mlangoni mmoja wao, mama na watoto wake, tutamwuliza kabila, au tutampa maji?

Ndugu, mzazi anayemfundisha mwanawe kulipiza kisasi anafua bomu ndani ya nyumba yake. Jioni ya leo, mkisha kusali, waambieni watoto wenu habari za shule ya Mazimbu. Kisha mwulizane: nyumbani mwetu yupo nafasi nani?