Upendeleo wa habari hauanzii kwa ripota

KILA uchaguzi unapokaribia, Wakenya huvilaumu vyombo vya habari kwa kuegemea upande mmoja wa kisiasa. Lawama hizo aghalabu humwangukia ripota: jina lake huchunguzwa, kabila lake hutajwa na bahasha anayodaiwa kupokea huzungumziwa vijiweni.

Ni kweli kwamba bahasha zipo, na ukabila umewahi kuleta maafa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, baadhi ya redio za lugha za mama zilishutumiwa kwa kuchochea chuki. Mtangazaji Joshua arap Sang alishtakiwa katika mahakama ya ICC, hadi kesi yake iliposimamishwa Aprili 2016.

Hata hivyo, habari ya ripota hupita mikononi mwa wengi kabla ya kumfikia msomaji, na wote hao hulipwa kutoka mfuko mmoja. Swali ni nani anayeujaza mfuko huo.

Zamani jibu lilikuwa wazi. Mwaka 1983, chama cha KANU kilinunua gazeti la Nairobi Times na kulipa jina la Kenya Times. Chini ya utawala wa Uhuru Kenyatta, kuanzia 2013 hadi 2022, kampuni ya Mediamax, inayohusishwa na familia yake, ilikuwa na runinga ya K24, gazeti la People Daily na redio ya Kameme. Aliyejua mwenye mali aliweza kupima uzito wa habari zake.

Kigumu kupimwa ni matangazo ya biashara. Serikali ni miongoni mwa wateja wakubwa wa magazeti kupitia zabuni, nafasi za kazi na notisi. Tangu 2015, matangazo hayo yamekuwa yakisimamiwa na idara moja, na wenye vyombo vya habari wamelalamika mara kwa mara kuhusu madeni yasiyolipwa. Mkono mtupu haulambwi. Mwenye kudai mamilioni hujikuta akibembeleza.

Mhariri katika hali hiyo hahitaji kupigiwa simu kutoka Ikulu. Habari ya ufisadi iliyostahili ukurasa wa kwanza husukumwa hadi wa 18. “Wizi” hugeuka “utata”, na jina la waziri hushuka hadi aya ya tisa. Hakuna uongo ulioandikwa, lakini ukweli umefichwa. Benki, kampuni za simu na za kamari hupata heshima iyo hiyo.

Mabavu, kinyume chake, huonekana na kila mtu. Machi 2, 2006, polisi waliojifunika nyuso walivamia Standard, wakachoma magazeti na kuizima KTN. Januari 30, 2018, mitambo ya NTV, KTN na Citizen ilizimwa kwa kupeperusha hafla ya kumwapisha Raila Odinga kuwa ‘rais wa wananchi’. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo visipeperushe maandamano moja kwa moja. Katika visa hivyo viwili vya mwisho, Mahakama Kuu iliingilia kati.

Tangazo linapoondolewa kimyakimya, hakuna anayeandamana wala kukimbilia kortini. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinaizuia serikali kumwadhibu yeyote kwa maoni au habari alizotoa, lakini ni vigumu kuthibitisha kwamba tangazo lililonyimwa ni adhabu.

Ndipo panahitajika sheria ya kugawa matangazo ya umma kwa kuzingatia idadi ya wasomaji na watazamaji, na kiasi alicholipwa kila mmoja kichapishwe. Fedha hizo ni za mlipa ushuru, si zawadi ya walio mamlakani.

Bila sheria hiyo, magazeti yataendelea kuadhibiwa bila kuguswa. Naye msomaji atazidi kumlaumu ripota kwa alichoandika, asijue lililoondolewa kabla ya gazeti kupigwa chapa.