Fomu ya Polisi Haiuzwi

Mwanamke aliyenajisiwa nchini Uganda hufika kituoni aibu ikimlemea kuliko maumivu. Askari wa zamu asimhoji kaunta mbele ya umati, bali ampeleke faraghani, kwenye kitengo cha ulinzi wa watoto na familia. Huko hupewa Fomu ya Polisi 3A, apimwe hospitali. Fomu hiyo haiuzwi, wala askari hana haki ya kudai pesa ya petroli. Tena asiambiwe arudi kesho: dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI sharti ianzwe kabla saa 72 hazijapita. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zitiwe katika mfuko wa karatasi.

Na mkosaji akiwa ni mume, naye ni askari wa kambi hiyo hiyo? Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya ukatili wa nyumbani haikumwondoa mvaa sare.