Kombolela Siyo Utoto, Walimu Wenzangu

Wadau, leo sina habari za bumu kuchelewa wala foleni ya kantini. Leo nina ugomvi, na ugomvi wenyewe ni wa nyumbani: sisi watu wa ualimu, tunaojiandaa kwenda kushika chaki.

Kuna kauli nimeisikia mno, kwenye semina, bwenini, hata nilipokuwa BTP: "Michezo ni ya chekechea bwana, mtoto wa sekondari anahitaji notsi." Siku niliyowapanga wanafunzi kwenye makundi wacheze mchezo wa maneno ya Kiingereza, mwalimu mmoja alisimama mlangoni, akatazama, akaniambia niwanyamazishe kwa sababu naharibu nidhamu. Shule siitaji, na yule mwalimu simbebeshi mzigo peke yake. Alisema kwa sauti kile ambacho wengi wetu tunakiamini kimoyomoyo. Ndiyo maana nakipinga hapa, mbele yenu.

Tuanze na hali yenyewe. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma masomo yake kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo mojawapo tu. Akiingia kidato cha kwanza, ghafla baiolojia, jiografia na hesabu zote zinageuka Kiingereza. Na kwetu Nemba, kule Kagera, upande wa Biharamulo na Ngara, hata Kiswahili chenyewe kwa watoto wengi ni lugha ya pili. Nyumbani ni Kisubi, Kihangaza, Kisukuma au Kiha. Kwa hiyo Kiingereza ni lugha ya tatu, na kinamwangukia mtoto kama mvua ya mawe.

Matokeo mnayajua. Mwanafunzi anakuandikia "photosynthesis" bila kukosea herufi hata moja. Muulize "leaf" ni nini, anakutazama. Muulize "grow", anainamisha kichwa. Tumempa bati kabla hajajenga kuta.

Na msiniambie ni jambo jipya. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikufuata. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walichunguza Kiingereza cha shule zetu wakaona hakifai hata kubeba masomo mengine. Hiyo ni zaidi ya miaka 40 iliyopita! Mjadala wa lugha ya kufundishia uendelee, mimi mwenyewe naupenda. Lakini kuna mtoto ameketi darasani leo asubuhi. Huwezi kumwambia asubiri sera.

Sasa tazama tunachomfanyia. Tunaandika maneno kumi ubaoni, upande wa kushoto Kiingereza, wa kulia Kiswahili. Wananakili. Tunauliza, "Mmeelewa?" Wanaitikia, "Ndiyooo!" Wiki ijayo maneno yote yameyeyuka, na sisi tunasema watoto wa siku hizi hawasomi. Paul Nation, yule mtaalamu wa New Zealand tunayemnukuu kwenye kila assignment, aliandika wazi kwenye kitabu chake cha 2001: neno linataka kukutwa tena na tena, kwa nyakati tofauti, na mtu alitoe mwenyewe kichwani. Kunakili siyo kulitoa kichwani. Kunakili ni kazi ya mkono.

Halafu tunaongeza viboko juu yake. Bango la "Speak English" limegongwa ukutani, anayekamatwa akisema Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Mtoto mwenye akili anafanya hesabu haraka: nikinyamaza, siadhibiwi. Ananyamaza miaka minne. Hapo tumefundisha ukimya.

Mimi nauliza swali moja tu: sisi watoto wa Nemba, Kiswahili tulikijuaje? Hakuna aliyetuandikia orodha ya maneno. Mtoto wa Kisubi alikutana na mtoto wa Kisukuma uwanjani, mpira ni wa makaratasi na kamba, na kila mmoja alilazimika kusema "toa pasi", "umenigusa", "sio zamu yako", la sivyo angechezewa rafu mpaka jioni. Maneno yaliingia kwa sababu yalikuwa na kazi. Ukiyakosa, unashindwa mchezo.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, na inawagusa hata nyie mnaoniunga mkono. Maana kuna wenzetu wanaopenda "michezo" kwa ajili ya msimamizi tu. Andalio la somo linapendeza, zana za rangi zimebandikwa, msimamizi anaweka alama, anaondoka, na michezo inaondoka naye. Wengine wanafanya mashindano ya tahajia: ukikosea neno, kaa chini. Hebu fikirini. Nani anakaa chini kwanza? Yule asiyejua maneno! Dakika ya tano yeye ni mtazamaji, na wale wawili waliosoma English medium wanaendelea kupigiwa makofi. Mchezo umemtoa yule yule aliyeuhitaji. Huo siyo mchezo wa kufundisha, ni mtihani uliovaa kofia ya sherehe.

Linganisheni na kombolela, mchezo wetu wa jioni. Ukionwa umekamatwa, ndiyo, lakini hujatoka. Unangoja kituoni, na mwenzako aliyebaki mafichoni akiwahi kituo na kupiga kelele "Kombolela!", wote mnakuwa huru. Aliyeshindwa anarudi. Aliye hodari anashinda kwa kuwakomboa wenzake. Nani alisema mambo haya yanapatikana kwenye vitabu vya Ulaya pekee?

Mimi nimeijaribu hivi. Uwanjani, makundi ya watu kumi kumi. Anayetafuta hawezi kukukamata mpaka aseme kwa Kiingereza uko wapi: "behind the tree", "under the window", "between the two doors". Akikosea, hujakamatwa. Anayetaka kukomboa afike kituoni ataje kwa Kiingereza vitu vitatu anavyoviona, na visiwe vile vilivyotajwa mwanzo. Vile vihusishi vya mahali ambavyo nilivihubiri wiki nzima ubaoni bila mafanikio, walivitumia mara nyingi ndani ya kipindi kimoja cha dakika 40.

Mvua ikinyesha, rudini darasani. Vipande vya boksi, kila kimoja neno moja kutoka sura ya baiolojia wanayosoma wiki hiyo. Kundi la watu sita. Mmoja anachukua kipande, anaeleza neno kwa Kiingereza chake cha kuungaunga bila kulitaja, wenzake wanakisia. Wakishindwa, yeye ni mateka, na atakayefuata anamkomboa kwa kutunga sentensi yenye neno lile. Au tumieni vitendawili, kitu ambacho kila mtoto amekua nacho: "Nina miguu minne lakini sitembei," ila kwa Kiingereza, na anayeshindwa anatoa mji kama kawaida. Gharama yake ni boksi tupu la sabuni.

Najua mtanijibu nini. Kwanza, wanafunzi ni wengi. Kweli, tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika, langu lilikuwa na watu 90 na ushee. Lakini ukisimama mbele na kuuliza swali moja, anajibu mmoja na 89 wanapumzika. Kwenye makundi 15 ya watu sita, wanaongea 15 kwa wakati mmoja. Ukubwa wa darasa ni sababu ya kucheza, siyo ya kuacha.

Pili, kelele. Kelele za nini? Kama ni za Kiswahili cha umbea, umepanga vibaya, nenda kwenye kundi ukarekebishe. Kama ni za Kiingereza kibovu, mshukuru Mungu. Darasa la lugha lililo kimya lina tofauti gani na makaburi?

Tatu, silabasi na NECTA. Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Mtihani wa kidato cha nne umeandikwa kwa maneno. Mtoto asiyejua "increase", "compare" na "explain why" hashindwi Kiingereza peke yake, anashindwa masomo yote yaliyoandikwa hivyo, hata yale anayoyaelewa vizuri kwa Kiswahili. Unakimbiza silabasi huku umemwacha stendi. Umemaliza silabasi na nani?

Sisemi michezo ifundishe kila kitu. Sarufi ina mahali pake, na bila kusoma vitabu hakuna lugha inayokomaa. Notsi pia wape. Ninachosema ni kwamba kwa maneno ya msingi, yale elfu mbili hivi yanayojirudia kila ukurasa, mchezo siyo mapumziko ya somo. Ni somo lenyewe, mradi masharti mawili yatimie: mtu asishinde bila kutumia neno, na aliyeshindwa apewe njia ya kurudi.

Kule kwetu, binti anayefeli kidato cha pili mara nyingi anarudi shambani au anaolewa, na watu wanasema "hakuwa na akili". Alikuwa nazo. Alikosa maneno, na sisi tulikuwa na kipindi cha kumpa.

Kwa hiyo wewe unayepinga, karibu tubishane. Ila njoo na andalio lako la somo mkononi, utuonyeshe ni dakika ipi mtoto wa nyuma kabisa anafungua mdomo.