Kompyuta Kuukuu na Sanduku la Michezo

Wazazi wengi hutuuliza: tumfanyeje mtoto ambaye kila akipata senti mbili huishia kwenye kibanda cha michezo ya kompyuta? Na wazazi hao hao, ukiingia nyumbani kwao, utaona kompyuta kuukuu juu ya kabati, imefunikwa kitambaa, wala haina kazi ila kukusanya vumbi. Sisi twaona mambo haya mawili yaweza kutatuliwa kwa pamoja, nasi mwezi huu twapenda kueleza namna yake.

Kompyuta za namna hii si chache. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na mashine nyingi haziwezi kuipokea ile iliyokuja baada yake. Wenyewe wakadhani zimekufa. La, hazikufa! Chombo kisichofaa tena kwa kazi za benki na barua chaweza kufaa sana kwa kazi nyingine, hasa kazi isiyohitaji intaneti. Na katika hizo hapana inayomvutia kijana zaidi ya kuigeuza iwe sanduku la michezo mfano wa yale ya zamani, yaliyokuwa yakitiwa sarafu.

Yafaa kwanza kijana ajue masanduku hayo yalikuwaje. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa mchezo ulioitwa Pong, uliotengenezwa na Allan Alcorn: vibao viwili na mpira mmoja juu ya kioo. Ndani yake hamkuwa na ubongo wa kompyuta hata kidogo, bali saketi tupu zilizounganishwa kwa hesabu. Sanduku la kwanza liliwekwa katika kilabu cha pombe mjini Sunnyvale, California, mahali ambapo sisi hatuna haja napo. Mwaka 1978 Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, Japani, akatoa Space Invaders; mwaka 1980 Toru Iwatani wa Namco akatoa Pac-Man; na mwaka 1981 Shigeru Miyamoto wa Nintendo akatoa Donkey Kong. Ubongo wa Pac-Man ulikuwa ukipiga mapigo milioni 3 hivi kwa sekunde. Kompyuta ya kawaida ya mwaka 2005 hupiga zaidi ya milioni 1,000. Basi hiyo iliyoko juu ya kabati lako ina nguvu za kutosha na kubaki.

Mwaka 1997 Mwitalia mmoja, Nicola Salmoria, alitoa programu iitwayo MAME. Kazi yake ni kuifanya kompyuta iige matumbo ya masanduku yale, kila saketi kama ilivyokuwa, hata mchezo wenyewe usijue kwamba umehamishwa nyumba. Programu hii hutolewa bure, na tangu mwaka 2016 ina idhini huria, kila mtu aweza kuisoma na kuirekebisha.

Lakini hapa pana jambo ambalo vijana hulirukia. MAME ni ya bure. Michezo yenyewe siyo. Pac-Man ina mwenyewe hata leo, na nakala zinazotembea mkononi kwa mkono nyingi hazina idhini yake. Labda mtu atasema: "Mchezo huu una miaka zaidi ya 40, nani ataujali?" Nasi twamjibu: nyumba ikichakaa, je, hati ya mwenyewe hufutika? Mali ya mtu haihalaliki kwa kuwa kuukuu. Wala hapana dhiki, kwa kuwa wako wenye michezo waliotoa ruhusa: Robby Roto na Gridlee hutolewa na watunzaji wa MAME wenyewe kwa matumizi yasiyo ya biashara. Kadhalika iko michezo huria kama SuperTux na Frozen Bubble, nayo huchezwa kwenye Linux, ambayo pia ni ya bure na yafaa kwa mashine dhaifu. Na aliye hodari zaidi na atunge mchezo wake mwenyewe kwa Scratch, programu iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007 kwa ajili ya watoto. Kwa maoni yetu huo ndio mchezo bora kuliko yote katika sanduku.

Sasa tuje kwenye kazi ya mikono, ambayo ndiyo yenye utamu.

Chukua kibodi ya zamani uifungue kwa bisibisi. Utakuta karatasi za plastiki zenye mistari, na pembeni bodi ndogo yenye meno yanayogusana na mistari hiyo. Meno hayo ni makundi mawili. Kila herufi huzaliwa pale jino la kundi hili linapokutana na jino la kundi lile. Basi toa bodi, ichomeke peke yake katika kompyuta, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, kisha gusanisha jino na jino kwa kipande cha waya, nawe utaiona herufi ikijiandika. Chuoni kwetu vijana walipoifanya kazi hii baada ya masomo ya alasiri, wavulana walikuwa wakigusagusa na kusahau. Ni binti mmoja wa miaka 12 aliyechukua daftari, akachora jedwali la meno yote, akalijaza mpaka likakamilika. Tangu hapo hapana mvulana aliyethubutu kuunganisha waya pasipo kumwuliza.

Kwa MAME funguo zinazohitajiwa ni chache: mishale minne ya kuendea, Ctrl na Alt za kushoto pamoja na ile ya nafasi kwa vitendo, 1 kwa kuanza, na 5 kwa kutia sarafu. Usijaribu kulehemu kwenye karatasi za plastiki, zitayeyuka. Lehemu kwenye meno ya bodi, na mara nyingi yatakuwa yamepakwa weusi wa kaboni, hivyo uyakwangue taratibu mpaka shaba ionekane. Asidhani fundi mchanga kwamba waya mmoja wa kurudia watosha kwa vitufe vyote kama katika taa za nyumbani. Katika kibodi kila kitufe chataka waya zake mbili. Fauka ya hayo, vitufe vitatu vikibonyezwa pamoja, baadhi ya kibodi hudhani na cha nne kimebonyezwa; kwa hiyo jaribu mibonyezo yote kabla ya kupiga misumari. Ziko bodi ndogo za kununua zinazoondoa taabu hii yote, na bei yake si kubwa, ila kijana atakuwa amenunua jibu bila ya kulisoma swali.

Kitufe chaweza kutengenezwa kwa vipande viwili vya bati la kopo, sponji yenye tundu katikati, na kizibo cha chupa juu. Wamarekani wawili, Jay Silver na Eric Rosenbaum, mwaka 2012 walitoa bodi iitwayo Makey Makey ambayo kwayo hata ndizi huwa kitufe, maana umeme mdogo mno hupita katika ndizi na katika mwili wa mchezaji. Watoto hucheka sana wakiiona. Ama fimbo ya kuongozea, kata kipande cha mpini wa ufagio, kipitishe katika tundu la ubao, kifunge kwa mpira wa ndani wa baiskeli ili kijirudishe katikati, na chini yake uweke swichi nne kuizunguka. Kumbuka kwamba fimbo ikisukumwa kulia, ncha yake ya chini huenda kushoto. Kwa hiyo swichi ya kulia huwekwa upande wa kushoto. Seremala yeyote wa mtaani atakukatia ubao, na kekee yake itatoboa matundu. Ukiwa umenunua vitufe vya dukani, vingi vyataka tundu la milimita 28 au 30, lakini upime chako kabla ya kutoboa.

Jambo moja halina mzaha. Skrini nene za zamani, zile zenye mgongo mrefu, hubaki na umeme wa maelfu ya volti ndani yake hata baada ya kung'olewa kwenye soketi. Hiyo isifunguliwe na mtoto wala na baba yake. Sanduku la umeme la kompyuta nalo lisifunguliwe. Iwekwe skrini nzima kama ilivyo, nyuma ya mbao.

Sasa mzazi atauliza: je, si tumemletea mtoto kibanda nyumbani? Swali hili ni la haki. Katika masanduku ya zamani sarafu ndiyo iliyokuwa mpaka: ikiisha, mchezo umekwisha. Nyumbani sarafu ni kitufe cha 5, na mtoto aweza kukibonyeza mara mia bila kutoa hata senti. Twashauri kitufe hicho kisiwekwe usoni pa sanduku. Kifungwe ubavuni kwa swichi ya ufunguo, na ufunguo ukae kwa mama. Yeye ndiye atakayetia sarafu, moja au tatu, kwa kadiri aonavyo kazi za siku zilivyokwisha. Kibodi nzima nayo ifungiwe ndani, isije ikafanya njia ya panya.

Rangi ipakwe mwisho, baada ya msasa, na nyuma ya sanduku yaachwe matundu ya kutosha ya hewa, maana kompyuta kuukuu huchemka upesi katika miji yetu ya pwani.