Sanduku la Kura Lisipite Mbio

Haki ya kupiga kura haitimii kwa kuandikwa katika sheria peke yake. Nchini Australia, wenyeji wa asili wote walipata haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa taifa mwaka 1962. Tangu mwaka 1984, wasimamizi wa uchaguzi husafiri kwa magari na ndege ndogo kuzipelekea jamii za mbali masanduku ya kura. Hata hivyo, katika jimbo la Lingiari, lenye ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba milioni 1.3, waliopiga kura mwaka 2022 walikuwa kiasi cha asilimia 67 ya walioandikishwa, hali nchi nzima walikaribia asilimia 90.

Wako watakaosema kwamba wenyeji hawajali. Hoja hiyo ni dhaifu. Kituo kinachofunguliwa kwa saa chache humkosa aliyekwenda msibani au hospitali. Na maelezo yasiyo katika lugha yake humtatiza hata aliyewahi kufika.

Sheria ya Australia humlazimisha raia kupiga kura. Basi yafaa serikali nayo ilazimike kumfikia. Vituo vikae siku nyingi zaidi, na wenyeji waajiriwe kuwa wasimamizi na wakalimani. Kipimo cha huduma kisiwe safari zilizofanywa, bali watu waliopata nafasi ya kweli ya kuchagua.